Maji Yaliyochemshwa

Kwa miaka kadhaa niliwafundisha wanafunzi wangu wa Kakamega kwamba maji yakichemshwa huwa salama. Siku moja kijana akaaye karibu na Rosterman, mgodi wa dhahabu uliofungwa mwaka 1952, aliniuliza, "Mwalimu, na sumu ya mawe je?" Nilinyamaza. Mawe yenye dhahabu huku kwetu yana aseniki, sumu ambayo majini haina rangi wala ladha. Moto huua vijidudu, lakini aseniki hauiondoi. Maji yakipungua chunguni, sumu huzidi. Anayeinywa miaka mingi hupata madoa mwilini na ngozi ngumu viganjani, pengine hata saratani. Jioni ile nilimkuta mama akinywa maji ya kisima chetu, yaliyochemshwa barabara kama nilivyomwagiza. Kesho yake nilipeleka chupa moja yakapimwe.