Udongo ndio uliotuchagulia kifaa

Ukoka wa nyuma ya nyumba yetu ulikuwa unakufa kwa miguu ya watoto. Mpira wa kila jioni uliushindilia udongo mpaka maji ya mvua yakawa yanatuama badala ya kuzama. Baba watoto akasema tumwage zege, yaishe. Wanangu walikosa raha.

Nikaomba kwanza tutoboe udongo, mizizi ipate hewa na maji. Vifaa vilikuwa vitatu: viatu vya misumari, uma wa bustani, na uma wenye vibomba badala ya meno. Misumari ni mifupi, na kwenye mfinyanzi husukuma udongo pembeni ukazidi kubana. Uma wa kawaida unatosha kwenye kichanga. Vibomba hung'oa vipande vya udongo na kuacha matundu wazi.

Mzazi mwenzangu, kabla ya kutoa pesa, lowesha udongo kidogo, uuviringishe kiganjani. Ukitoka kama kamba, ni mfinyanzi. Nunua wa vibomba. Wetu ulitoka kamba.

Tunatoboa mvua ikikata, ardhi ikiwa bado na unyevu, kina cha sentimita 7 hivi. Vipande tunaviacha vimomonyoke vyenyewe. Mkubwa anakanyaga uma, mdogo anahesabu matundu. Habari ya zege haijatajwa tena.