Nyumba Usiyolala Ndani: Sekondari Msingi ya Kwetu Ziwa

Wahenga walinena kwamba nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Methali hii niliikariri tangu utotoni na kuitumia katika insha mara zisizohesabika, ila sikuielewa barabara hadi Mei 2024, nilipohudhuria mkutano wa wazazi kwa niaba ya mama.

Kwetu ni Ziwa, nje ya mji wa Eldoret katika kaunti ya Uasin Gishu. Mei ni msimu wa palizi ya mahindi, na mama hakuweza kuliacha shamba. Mimi nilikuwa likizoni kutoka chuoni, akanituma. Jambo la kujadiliwa lilikuwa moja: sekondari msingi iliyomo ndani ya shule yetu ya msingi ya umma. Mdogo wangu wa kike alikuwa Gredi ya 8, na mama alikuwa amekwisha kunidokezea kwamba akipata mnunuzi wa ng'ombe wetu wa pili, angemhamishia binti huyo katika shule ya kibinafsi mjini. Nilitumwa nisikilize, kisha nirudi na shauri.

Msomaji atakumbuka chanzo cha mambo haya. Mtaala wa umilisi ulipoanza kuchukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4, ilikusudiwa kwamba Gredi za 7, 8 na 9 zifundishwe katika shule za upili, na mwaka wa 2022 serikali ilikuwa ikijenga madarasa huko. Mwishoni mwa mwaka uo huo, jopo la rais la mageuzi ya elimu likapendekeza wanafunzi hao wabaki katika shule za msingi. Hivyo basi, Januari 2023 kundi la kwanza la Gredi ya 7, mdogo wangu akiwamo, lilianza katika ua ule ule lilimosomea tangu awali, ilhali madarasa yaliyokusudiwa yalikuwa kwingine.

Mkutanoni maoni yaligawanyika kama maji na mafuta. Mzee mmoja alisema shule ile ni ya jina tu, kwa kuwa haina maabara wala walimu wa kutosha. Mama mmoja akamjibu kwamba yeye ana watoto watano; mtoto wake hulala nyumbani, hula nyumbani, na kabla ya kwenda shule hukama ng'ombe. Karo ya bweni angeitoa wapi? Mwingine aliuliza kwa nini watoto walikuwa wakirudi nyumbani saa nne asubuhi. Jibu lilijulikana. Mnamo Aprili mahakama ya masuala ya ajira ilikuwa imeamua kwamba kuwaajiri walimu waliohitimu na kusajiliwa kama wanagenzi kulikiuka haki zao. Walimu hao, waliokuwa wakipewa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, walikuwa wamegoma wakidai ajira ya kudumu.

Ninakiri kwamba nami nilisimama. Nilinena kwa Kiswahili cha chuoni, nikasema kuwa sekondari isiyo na maabara ni kibuyu kitupu. Nilipigiwa makofi. Makofi yalipotulia, mwalimu mkuu aliniuliza kwa upole, "Kijana wangu, umewahi kuingia darasani mwao?" Sikuwa nimewahi. Kibaya zaidi, sikuwa nimewahi hata kumuuliza mdogo wangu, tuliyekuwa tukila naye chakula cha jioni kila siku.

Jioni hiyo nilimkuta shambani pamoja na wenzake wawili waliokuja kumsaidia palizi. Nikashika jembe, nikawauliza shule yao ikoje.

Mdogo wangu alisema mwalimu wao wa Sayansi Jumuishi ni hodari: aliikata chupa ya plastiki, akaijaza mchanga na makaa, akamimina maji ya matope, nayo yakatoka maangavu. "Lakini vifaa tulivyoletewa vimo katika katoni ofisini," akaongeza, "na mwalimu huyo anatufundisha masomo manne. Mawili hakuyasomea, na yeye mwenyewe alituambia." Rafiki yake alitamani kuhama. Hakulalamikia maabara, alilalamikia vyoo wanavyotumia pamoja na watoto wadogo, na kuitwa kitoto ilhali amevaa sare ya sekondari. Wa tatu, msichana mkimya, alisema hataki shule ile isemwe vibaya. Dada yake mkubwa aliitwa shule ya bweni baada ya KCPE, karo ikakosekana, naye akabaki nyumbani. "Mimi niko darasani," alisema.

Nilibaki nimeinama. Palikuwa na shule tatu katika ua mmoja, na kila mmoja wao alisema kweli. Sisi watu wazima tulikuwa tumebishana saa tatu kuhusu iwapo shule ni nzuri au mbaya. Hakuna aliyetaja katoni, hakuna aliyetaja vyoo. Haya yalikuwa mambo ambayo wazazi wangeweza kuyadai na kuyafuatilia.

Nilimshauri mama asimuuze ng'ombe kabla hajamsikiliza binti yake. Alimsikiliza, na binti akaamua kubaki. Sidai kwamba uamuzi huo haukuwa na gharama. Mwishoni mwa mwaka wa 2025 kundi lake lilifanya mtihani wa kwanza wa KJSEA, na Januari 2026 likawa la kwanza kuingia Gredi ya 10. Alipata nafasi katika mkondo wa sayansi. Aliporudi nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula, aliniambia kwamba siku ya kwanza maabarani alisimama nyuma ya wengine, kwa kuwa hakuwahi kushika hadubini na aliona haya kusema. Nilihisi uzito wa shauri langu.

Enyi wenzangu wa Kiswahili, wengi wetu tutakuwa walimu katika shule kama hizi. Tumefunzwa kuchambua wahusika, na tunajua kwamba mhusika asiyepewa usemi hueleweka vibaya. Basi tusiziamue shule kabla ya kuwasikiliza wanaoshinda ndani yake.

Tuna kitindamimba atakayejiunga na Gredi ya 7 mwakani. Mama alimuuliza binti yake iwapo ampeleke pale pale. Alifikiri kidogo, akajibu, "Mpeleke, mama. Lakini usiende mkutanoni kusikiliza tu. Uliza ile katoni imefunguliwa?"