Benzi Kuukuu Chini ya Mwembe wa Mwakirunge

Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, lakini maana yake niliipata barabara Jumamosi moja nilipomsindikiza shemeji yangu hadi Mwakirunge kwenda kuangalia gari.

Shemeji alikuwa ameachishwa kazi mjini pamoja na wenzake, akalipwa kiinua mgongo chake. Baada ya kumaliza madeni zilimsalia Sh450,000. Mwanawe wa kwanza alikuwa akisubiri kuingia shule ya bweni. Siku hizo hizo rafiki yake mmoja akampasha habari kwamba huko Mwakirunge kuna mzee anayeuza Mercedes Benz kwa Sh350,000. Tangu hapo usingizi ukamruka.

"Jumamosi na Jumapili nitalikodisha kwa maharusi," alituambia tukiwa mezani. "Siku za kazi nitalitumia kutafuta riziki mjini. Litajilipa lenyewe."

Dada yangu hakumjibu. Aliponitoa mlangoni ndipo aliponinong'oneza: "Nenda naye, ndugu yangu. Usimkatalie wala usimkubalie. Mfanyie hesabu tu, aione kwa macho yake."

Basi tukaondoka asubuhi, mimi, shemeji na fundi mmoja wa gereji ya Kisauni ambaye tulikubaliana kumlipa Sh2,000 kwa kazi ya kulikagua gari. Shemeji alinung'unika kidogo kuhusu fedha hizo. Nilimwambia kwamba anayeogopa kutoa elfu mbili kabla ya kununua, atatoa elfu mia mbili baada ya kununua.

Matatu yetu ilivuka daraja la Nyali, ikapita soko la Kongowea na kufululiza barabara ya Malindi hadi Bamburi, penye kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954. Huko tukaiacha barabara kuu, tukapanda bodaboda na kuingia ndani.

Mwakirunge ni mojawapo ya wadi saba za eneobunge la Kisauni, upande wa bara kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Wakazi wengi wa jiji hulijua jina hili kwa jambo moja tu, nalo ni jaa la taka. Jaa la Kibarani, lililokuwa likiwalaki wageni kwa moshi na uvundo wanapoingia kisiwani, lilipofungwa mwaka 2018, mzigo mkubwa wa taka za jiji uliangukia huku. Njiani tulipishana na malori yaliyosheheni, nasi tukaziba pua. Tuliwaona vijana na akina mama wakichambua chupa za plastiki, vyuma na nyaya, kila kitu na fungu lake. Kile ambacho mjini kimeitwa takataka, huku kina bei yake kwa kilo.

Lakini Mwakirunge si jaa peke yake. Ukisonga mbele kidogo unakutana na minazi, miembe na mashamba ya muhogo, na nyumba zilizo mbalimbali ambazo ua wake ni mpana kuliko ua wowote utakaouona Majengo au Tudor. Katika ua mmoja kama huo ndiko tulikopiga hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni."

Mzee huyo alikuwa dereva wa teksi kwa miaka mingi, akiwachukua watalii kwenye mahoteli ya ufuo wa Bamburi na Shanzu. Tuliletewa madafu kwanza. Baada ya kunywa, alituongoza hadi chini ya mwembe na kulifunua turubai.

Naam, lilikuwa gari. Aina ya 230E ya mwaka 1990, rangi ya fedha, nyota yake ikiwa bado imesimama juu ya boneti. Watu wa magari huiita W124. Ilizinduliwa mwishoni mwa mwaka 1984, na hadi ilipoacha kuundwa katikati ya miaka ya tisini, zaidi ya magari milioni mbili ya aina hiyo yalikuwa yameuzwa duniani. Hata leo madereva wengi wa teksi katika nchi mbalimbali huyasifu kwa uthabiti wake. Shemeji alizunguka mara mbili bila kusema neno, akapitisha kidole juu ya mlango kama anayegusa kitambaa cha hariri.

Si ajabu. Katika nchi yetu Benzi halijawahi kuwa gari tu. Tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, wakubwa serikalini na matajiri wamebandikwa jina la Wabenzi. Mtoto aliyekulia Kisauni akiliona likipita na bendera mbele, alijua bila kuambiwa kwamba ndani yake mna mtu asiyepanga foleni. Lakini hata serikali yenyewe ilifika mahali ikachoka kuyalisha. Katika bajeti ya Juni 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza mawaziri waachane na magari yanayobugia mafuta na watumie yenye injini isiyozidi sisi 1800. Ndipo tukaona mawaziri wakipanda Volkswagen Passat, wengine wakinuna.

Fundi hakuwa na habari na historia hiyo. Kwanza aliweka kiganja juu ya boneti. Tulikuwa tumemwomba mzee asiliwashe gari kabla hatujafika, kwani injini iliyokwisha kupashwa moto huficha maradhi yake. Ilikuwa baridi. Akatoa sumaku mfukoni na kuipitisha juu ya bodi, kwa sababu sumaku hunasa kwenye bati lakini hainasi palipojazwa puti. Akalala chali mchangani na kuchunguza mahali pa kuwekea jeki, halafu akachungulia chini ya betri. Kwa gari lililoishi karibu na bahari hizo ndizo sehemu za kutazamwa kwanza, maana upepo wa chumvi hula chuma polepole huku rangi ya nje ikiendelea kumeremeta. Alikuta kutu nyuma ya gurudumu moja, si nyingi.

Kisha akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia, akayanusa. Gari la gia za otomatiki likiwa na afya, mafuta hayo huwa mekundu. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, jua gharama kubwa inakusubiri. Haya yalikuwa yameanza kuwa kahawia. Gari lilipowashwa alisimama nyuma na kutazama bomba la moshi. Moshi wa buluu ni dalili ya injini inayokula oili. Moshi mzito mweupe usiokwisha baada ya injini kupata moto hutokana mara nyingi na maji yanayoingia mahali yasipotakiwa, pengine gasketi imekufa. Benzi la mzee lilitoa moshi wa buluu kidogo kwa dakika moja, likatulia na kunguruma kama paka aliyeshiba.

"Vijana wengi hutaka lile la mwaka 1993 au 1994 wakidhani ni bora kwa kuwa ni jipya zaidi," fundi alitueleza. "Lakini mengi ya miaka hiyo yaliwekwa nyaya za injini ambazo plastiki yake hukauka na kupukutika. Hili limepona balaa hiyo."

Shemeji alinitazama kwa jicho la ushindi. Na kweli, mpaka hapo gari lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia.

Nilimwomba mzee ruhusa ya kuona stakabadhi. Nambari ya injini na ya chesisi zililingana na zile za logibuku. Nilimkumbusha shemeji kwamba hilo halitoshi. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mnunuzi hana budi kutafuta kumbukumbu za gari kutoka kwa NTSA kupitia mtandao wa eCitizen, ili ajue mwenyewe halisi ni nani na kama hakuna benki au mkopeshaji aliyelishika kwa deni.

"Baba," nikamuuliza mzee, "kwa mwaka hili linakula kiasi gani?"

Mzee hakukasirika. Aliingia ndani na kurudi na mkebe wa biskuti. Humo mlikuwa na risiti zake zote, zimefungwa kwa mpira mwaka kwa mwaka. Alimkabidhi shemeji fungu la miaka miwili ya mwisho na kumwambia: "Hesabu mwenyewe, mwanangu."

Tulihesabu chini ya ule mwembe. Shokomzoba za mbele, rejeta, pampu ya petroli, matairi manne, kazi ya gia, na vitu vidogo vidogo ambavyo majina yake nilikuwa siyajui. Jumla ilikuwa Sh214,000. Na miaka hiyo gari lilikuwa likitembea mwisho wa wiki tu.

"Bei ya gari imezeeka," mzee alisema. "Bei ya spea haijazeeka."

Hilo ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Gari lililouzwa kwa bei ya mkubwa hushuka bei mpaka likamfikia mtu wa kawaida, lakini breki na gia zake hazishuki pamoja nalo. Isitoshe, kwa sheria ya Kenya gari lililotumika haliingizwi nchini likiwa limepita miaka minane. Kwa hivyo magari ya mwaka 1990 hayaongezeki. Spea za bei nafuu hunyofolewa kutoka kwa ndugu zake waliokufa, nao wanapungua kila mwaka.

Nikatoa kalamu kama dada alivyoniagiza. Tuseme shemeji anazunguka kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,040. Mjini, gari hili la sisi 2300 huenda kilomita nane hivi kwa lita, yaani lita 130. Bei ya petroli hutangazwa kila mwezi na mamlaka ya EPRA, nayo hupanda na kushuka. Kwa hesabu tu tulichukua Sh180 kwa lita, tukapata Sh23,400. Gari dogo linalokwenda kilomita 14 kwa lita lingetumia kama Sh13,400. Tofauti ni Sh10,000 kwa mwezi, au Sh120,000 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya bei ya Benzi lenyewe, na bado hatujagusa risiti za kwenye mkebe. Aidha, kampuni nyingi za bima husita kulipa gari la umri huo bima kubwa. Likigongwa au likiibwa, hasara ni yako.

"Na maharusi?" shemeji aliuliza kwa sauti ya chini.

"Zamani walinigombania," mzee alijibu. "Siku hizi bwana harusi anataka gari kubwa la juu, jipya. Mwezi wa Ramadhani ndio kabisa, hakuna kitu. Mimi naliuza kwa kuwa macho yangu yamepungua nuru. Nikisema litakutajirisha nitakuwa nimekudanganya."

Shemeji alizirudisha risiti mkebeni moja moja. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Mzee wangu, gari lako ni zima. Mimi ndiye sina uwezo wa kulilisha."

"Afadhali umeniambia leo," mzee alisema, "kuliko kuniletea kesho likiwa juu ya lori."

Simwambii msomaji kwamba gari la aina hii halinunuliki. Mtu mwenye mshahara wa uhakika, mwenye gari jingine la kazi, na fundi anayemwamini, anaweza kulinunua na kulifurahia. Lakini aweke kando fedha za matengenezo ya mwaka mzima kabla ya kulipa bei, na akiona hazipo, ajue bei hiyo si yake. Shemeji alikuwa na Sh450,000 na mtoto wa kupeleka shule. Angebakiwa na Sh100,000 na Benzi.

Tulipoaga, mzee alimrushia ufunguo. "Ututoe mpaka barabara kuu," alisema, "nami nirudishwe na mjukuu wangu."

Shemeji aliendesha taratibu, akikwepa mashimo. Lori la taka lilitupita, nasi tukapandisha vioo. Ndani kukawa kimya kama msikitini baada ya swala. Hakuna aliyesema neno hadi Bamburi.

Stejini alizima injini, akampa mzee ufunguo kwa mikono miwili. Tukapanda matatu ya kurudi. Ilipofika Kongowea aliniuliza kama nina kalamu. Alitaka kuandika orodha ya vitu vya shule ya bweni.