Kimya cha Mashine

Mwaka jana nilinunua Raspberry Pi, kompyuta ndogo kama kadi ya benki, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Sikuwa na skrini wala kibodi ya kuiunganisha. Kwa kompyuta nyingine niliweka mfumo kwenye kadi ya kumbukumbu, nikaandika humo jina la mtumiaji, neno la siri la Wi-Fi na ruhusa ya SSH, njia ya kuiamuru kutoka mbali. Nikaiwasha. Taa ya kijani ikapepesa, lakini kwenye orodha ya ruta haikutokea. Siku mbili niliilaumu. Kumbe herufi moja ya neno la siri nilikosea mwenyewe.

Hapo nikamkumbuka mdogo wangu, niliyemnunia mwaka mzima kwa kutojibu ujumbe wangu. Nikaitazama namba niliyoupeleka. Tarakimu ya mwisho haikuwa yake.