Nyuma ya nyayo za mchoraji



Wengi wetu hapa kwenye migodi hatujaona bahari. Tunajua Tanganyika, tunajua Moero, wengine walivuka Lualaba kwa mtumbwi. Nchi yetu iko na pwani, pale Muanda, lakini ni fupi sana, haifike hata kilometa 50, na kutoka Kolwezi mpaka kule ni safari ya kumaliza mfuko. Mimi mwenyewe niliona bahari mwaka 2022, nikiwa tayari na nywele nyeupe chache kichwani, wakati kanisa rafiki la Uholanzi lilinialika kwa majuma mawili. Na sikufika kwa motokari. Nilifika kwa miguu, sababu wenyeji wangu walitaka tufuate njia ya mtu mmoja, mchoraji Vincent van Gogh.

Kule Ulaya wako na desturi hiyo. Mchoraji akisha kufa na jina lake kujulikana, watu wanatafuta mahali alisimama, nao wanakwenda kusimama pale. Katika Ufaransa, mji wa Collioure kando ya bahari, wameweka nakala za picha za Matisse na Derain mahali walizichora mwaka 1905. Unatazama picha, unainua macho, unaona mnara wa kanisa uleule. Walinionyesha hayo katika kitabu, nikacheka. Nikasema moyoni: hawa watu wako na wakati mwingi! Kwetu anayefuata nyayo ni mwindaji, ao mwenye kudai deni.

Basi tulitoka Den Haag, mji ule tunaita La Haye, tukashika barabara ya zamani iliyonyooka katikati ya miti. Ni karibu kilometa nne tu, hata mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kuchoka. Kisha miti inapunguka, vilima vya mchanga vinaanza, na upepo unakupiga usoni. Pale ni Scheveningen (jina lile lilinishinda kutamka mpaka siku ya kurudi). Na bahari yenyewe, wapendwa, si ya bluu kama kwenye kalendari. Siku ile ilikuwa sawa na maji ya kuosha masahani.

Vincent alikuwa anakaa La Haye mwaka 1882, naye alipita njia ile mara nyingi. Wakati ule Scheveningen haikuwa na bandari, ile ilichimbwa mwaka 1904 tu. Wavuvi walikuwa na mashua zenye tumbo pana, wakazivuta juu ya mchanga. Katika Agosti 1882 zoruba ilipiga, watu wakakimbilia nyumba, na yeye akatoka na rangi zake. Upepo ulikuwa unataka kumwangusha. Mchanga uliruka ukanata ndani ya rangi mbichi, na picha moja alilazimishwa kuikwangua mara mbili. Picha ya bahari aliyofanya siku zile iko leo Amsterdam, na chembe za mchanga zingali ndani. Niliiona kwa macho yangu. Ni ndogo, kama dirisha la jikoni. Wezi waliiiba mwaka 2002 pamoja na picha nyingine, ile ya watu wanaotoka katika kanisa la baba yake, nazo zilionekana tena karibu na Naples mwaka 2016. Pembe moja ya chini ilikuwa imevunjika, wakaitengeneza.

Lakini siandiki sababu ya mchanga. Tulipokaa kupumzika, mzee mmoja wa kanisa aliniuliza: "Pasta, unajua kwamba huyu, mbele ya kuwa mchoraji, alikuwa mwinjilisti wa wachimbaji?" Sikujua. Katika shule ya Biblia walitufundisha Luther na Calvin, huyu hapana.

Sikilizeni basi. Vincent alizaliwa mwaka 1853, mtoto wa pasta. Alifanya kazi katika duka za kuuzisha picha, wakamfukuza. Mwaka 1876 alifundisha watoto katika Ramsgate, kwenye pwani ya Uingereza, nyumba inayotazama bahari, kwa chakula na kitanda tu bila mshahara. Shule ilipohama, alikwenda kwa miguu mpaka London. Mwaka ule ule alihubiri mara yake ya kwanza, juu ya Zaburi 119:19, mgeni duniani. Kisha akaanza masomo ya uchungaji Amsterdam, yakamshinda. Shule ya wainjilisti karibu na Bruxelles ilimjaribu miezi mitatu, haikumkubali. Mwisho wa mwaka 1878 akaenda Borinage, katika Ubelgiji, nchi ya makaa ya mawe.

Nilipanda treni siku mbili baadaye kwenda kuona Borinage. Ndugu wa Lubumbashi, mungeshangaa! Kule kuko milima myeusi ya takataka ya mgodi, nao wanaiita terili kama sisi tunavyoita ya kwetu. Neno lile Wabelgiji walituletea pamoja na mashini zao. Migodi yao imefungwa, miti imeota juu ya terili. Ya kwetu ingali tupu.

Komite ya uinjilisti ilimpa Vincent kazi kwa miezi sita, mshahara franka 50 kwa mwezi, pale Wasmes. Alishuka katika shimo la Marcasse, metre 700 chini, akiongozwa na mtu aliyekuwa amefanya kazi kule miaka 33. Tarehe 17 Aprili 1879 gazi ililipuka katika mgodi wa Agrappe, pale Frameries karibu, watu 121 wakafa. Alihudumia wagonjwa na walioungua. Aligawa nguo zake, akaacha chumba kizuri katika nyumba ya mkate, akalala katika kibanda. Uso wake ulikuwa mweusi kama wa wachimbaji. Komite ikatazama, ikasema hana kipawa cha kuhubiri. Bidii yake ilizidi kipimo, nayo iliwachukiza. Miezi sita ilipokwisha, hawakuendelesha kazi yake.

Wengine mutasema: komite ilikuwa na haki, sababu mhubiri lazima ajue kuhubiri. Ni kweli, kuhubiri kunajifunzwa, na mimi najua mahubiri mabaya yanachosha watu namna gani. Lakini kuketi karibu na mtu aliyeungua, nani alikufundisha ile?

Sasa nitawaambia kwa nini hadithi hii haikuniacha kulala. Parwasi yetu iko na mwinjilisti kijana katika kambi la wachimbaji wa mikono. Analala chini ya hema ya plastiki kama wao, anashuka nao shimoni. Siku ya Mungu anakuja kanisani na udongo mwekundu kwenye viatu. Kusema mbele ya watu, anagugumia. Wazazi wengine wanasema anatuletea haya, na wazee wawili wanataka mwingine, mwenye diploma na koti. Wamama wa kambi, wale waliozika watoto wao mwaka uliopita shimo lilipoanguka, wanasema: mkimtoa huyu, musitutumie tena mtu.

Vincent, walipomwacha, hakutoka Borinage mara moja. Alikaa Cuesmes, nyumba iko mpaka leo, akachora wachimbaji wanaokwenda kazini juu ya theluji. Mwaka 1880, wakati wa baridi, alifunga safari mpaka Courrières katika Ufaransa, sehemu kubwa kwa miguu, kwenda kuona mchoraji aliyempenda, Jules Breton. Njiani alibadilisha michoro kwa mkate. Alifika, akaona nyumba mpya ya matofali, akaogopa. Hakugonga mlango. Akarudi, miguu imeumia, na Oktoba ya mwaka ule akaenda Bruxelles kujifunza kuchora. Ndugu yake Theo ndiye alimtumia pesa miaka yote. Kanisa halikumwona tena kama mtumishi wake. Alikufa Julai 1890 kwa risasi aliyojipiga mwenyewe, umri wake miaka 37.

Komite yetu imekwisha kukutana mara moja juu ya kijana wetu. Mimi nilisema abaki, na mtu wa kumfundisha kuhubiri nitakuwa mimi, kila siku ya nne jioni. Wazee wawili hawajakubali. Tutakutana tena mwezi huu, na mara hii tumepatana kukutana kambini, chini ya hema yake. Kutoka barabara kubwa ni kilometa sita, gari haipiti. Tutakwenda kwa miguu.