Ndoo Iliyokataa Kusimama

Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda twajua kwamba mwalimu wa lugha hii hakosi kuongezewa kazi nyingine. Vipindi vyake vikiwa vichache, mkuu wa shule humwona kuwa ni mtu mwenye nafasi. Ndivyo ilivyonipata mimi, kabla ya mtaala mpya wa mwaka 2020, wakati Kiswahili katika shule yetu kilipokuwa somo la hiari, na waliolichagua hawakujaza hata nusu ya darasa. Mwalimu wa sanaa alihamishwa katikati ya muhula. Nikaitwa ofisini, nikaambiwa: "Mwalimu, utashika uchoraji wa Kidato cha Kwanza mpaka tupate mtu." Mtu huyo hakupatikana mwaka ule, wala mwaka uliofuata.

Nina stashahada ya ualimu. Nilifundishwa kuandika azimio la kazi na andalio la somo, kuuliza maswali na kusahihisha. Kuchora sikufundishwa. Hata hivyo nilijipa moyo kwa hoja ambayo leo naionea haya: kwamba mwenye kujua kufundisha aweza kufundisha jambo lolote.

Somo langu la kwanza lilikuwa la ndoo. Niliazima ndoo ya plastiki jikoni, nikaiweka juu ya meza mbele ya darasa. Kisha nikageukia ubao, nikachora ndoo yangu: mdomo wa mviringo kamili kama sahani, mistari miwili ya ubavuni, na chini mstari mmoja ulionyooka kama rula. Nikawaambia wanafunzi waichore. Hawakuitazama tena ile ya mezani. Wote walitazama ubao, nami niliona ni utii mwema.

Wote, isipokuwa binti mmoja aliyeketi dawati la mbele. Yeye aliitazama ndoo yenyewe. Mdomo aliuchora umebinywa kama yai lililolazwa, na kitako akakipinda. Nilisimama nyuma yake, nikachukua kalamu ya wino mwekundu, nikapiga mkasi juu ya mchoro wake. Nikauinua daftari mwake darasa zima lione, nikasema, "Ndoo hii haiwezi kusimama. Itaanguka na maji yatamwagika." Darasa likacheka. Nami nilicheka.

Tangu siku hiyo binti yule hakuchora tena. Kila kipindi alinikabidhi karatasi tupu, yenye jina lake na tarehe tu, kwa mwandiko mzuri. Nilimpa sifuri ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Hakulalamika. Katika vipindi vya Kiswahili, ambako hapo awali alikuwa wa kwanza kunyosha mkono, sasa alinyamaza. Hapo ndipo nilipoanza kupata wasiwasi, maana nilikuwa nikimpoteza mwanafunzi wangu wa lugha kwa sababu ya somo nisilolijua.

Nilikwenda kumwona mzee mmoja, mwalimu wa sanaa aliyestaafu, jirani yetu. Nilikwenda kuomba maandalio yake ya masomo ili niyanakili. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, wewe mwenyewe unachora?" Nikajibu la. Akasema, "Basi maandalio yangu hayatakufaa. Nunua daftari lisilo na mistari. Uchore kitu kimoja kila siku kwa mwezi mzima, kitu hicho hicho. Usifute, wala usichane ukurasa. Mwezi ukiisha, rudi."

Nilichagua kikombe changu cha chai. Siku za kwanza nilichora kikombe kilichokuwamo kichwani mwangu: mdomo wa mviringo, chini mstari ulionyooka. Kwa kuwa nilikatazwa kufuta, makosa yangu yalibaki pale yakinitazama. Yapata siku ya tisa nilichoka kukisia, nikaamua kukitazama kikombe chenyewe. Niliketi, nikafumba jicho moja, nikanyosha mkono wenye penseli, nikapima. Mdomo wake haukuwa mviringo, ulikuwa umebinywa. Nikainama hadi macho yangu yakawa sawa na ukingo: mdomo ukageuka mstari mmoja. Nikasimama, nikakitazama kwa juu: mdomo ukapanuka. Kisha nikatazama chini, pale kikombe kinapokutana na meza. Kitako kilikuwa kimepinda. Tena kilipinda kuliko mdomo, kwa maana kilikuwa chini zaidi ya usawa wa macho yangu.

Niliweka penseli chini. Chai ilipoa. Kikombe kilikuwa kimesimama imara juu ya meza, na kitako chake kimepinda.

Juma lililofuata niliirudisha ndoo darasani. Ningeweza kumwita binti yule faraghani, lakini kicheko kilikuwa cha darasa zima. Kwa hiyo nilisema mbele ya wote kwamba nilichora ubaoni kitu ambacho sikukitazama, kwamba mwenzao alichora alichokiona, na kwamba mkasi ule mwekundu ulistahili mchoro wangu. Niliwaonyesha daftari langu, kuanzia ukurasa wa kwanza, na vikombe vyangu vilema vyote. Walicheka tena, na safari hii nilistahili. Binti hakuinua uso. Siku ile pia alinipa karatasi tupu.

Nilianza kuandika maandalio yangu upya. Zamani lengo langu liliandikwa hivi: "Mwanafunzi aweze kuchora ndoo." Nikalibadili: "Mwanafunzi aweze kueleza na kuonyesha jinsi mdomo wa ndoo unavyobadilika kwa kadiri ya mahali alipoketi." Kipindi chetu cha pamoja kilikuwa cha dakika 80. Nilizigawa hivi: dakika 10 za kutazama bila penseli mkononi; dakika 10 za kusema tunachokiona; dakika 40 za kuchora; dakika 15 za kubandika michoro ukutani na kuizungumzia; na dakika 5 za kuandika katika daftari jambo moja ambalo mtu hakulijua asubuhi. Ubao niliuacha mtupu. Mbele ya ndoo moja, wanafunzi arobaini walioketi mahali arobaini hawana budi kutoa ndoo arobaini tofauti. Zikifanana zote, mwalimu ajue kwamba hakuna aliyetazama.

Kuhusu vifaa, umaskini wetu ulitufundisha mengi. Penseli za kila namna hatukuwa nazo. Tulikuwa na makaa. Tulijaza vijiti vyembamba katika mkebe wa bati, tukaufunga, tukatoboa tundu dogo kifunikoni na kuutia motoni. Moshi ulipokoma kutoka tunduni, makaa ya kuchorea yalikuwa tayari. Makaa hayamruhusu mtoto kushughulikia vitu vidogo vidogo. Humlazimisha kuona kwanza kivuli na mwanga. Udongo mwekundu tuliukausha, tukautwanga, tukauchekecha kwa kitambaa, tukauchanganya na kiini cha yai. Ukawa rangi ishikayo vizuri. Rangi ya maji nayo ilitufundisha subira, kwani mwanga wake ni weupe wa karatasi yenyewe, na ukishaufunika ni shida kuurudisha. Fundi mmoja wa kijijini alitupa vipande vya nguo ya gome la mti wa mutuba, ile ambayo utengenezaji wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa turathi za wanadamu. Alituonyesha jinsi shina linavyofungwa majani ya migomba baada ya kuambuliwa, ili lipone na kuota gome jipya. Wanafunzi walijifunza kuwa hata kifaa kina uhai wake na adabu yake.

Baadaye, katika kusoma, nilikuta kwamba ugonjwa wangu ulikwisha kupata tabibu zamani. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, hakutaka wanafunzi wake waige tu michoro ya Ulaya. Alitaka watoe yaliyo machoni na kumbukumbuni mwao. Kutoka mikononi mwake walitokea Sam Ntiro wa Tanganyika, aliyechora maisha ya vijijini kwao, na Gregory Maloba wa Kenya, aliyeunda Mnara wa Uhuru uliosimama Kampala tangu 1962: mwanamke aliyefungwa mwili akimwinua mtoto juu. Niliwapeleka wanafunzi kuuona. Niliwakataza kuuliza una maana gani mpaka kila mmoja awe ameuchora kutoka upande mmoja, kisha upande wa pili.

Huenda msomaji akauliza: haya yatuhusu nini sisi walimu wa lugha? Yatuhusu sana. Nilipowataka wanafunzi wataje rangi walizoziona, tuligundua kwamba Kiswahili kina rangi tatu tu zinazopatana na nomino kama sifa nyingine: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Nyingi za zilizobaki zimetoka katika vitu: kijani katika majani, kijivu katika jivu, kahawia katika kahawa, zambarau katika tunda, na maji ya kunde pale chunguni. Lugha yetu ilitazama kabla ya kusema. Nami, je, katika insha nilikuwa nikifanya nini? Nilikuwa nikiandika ubaoni insha ya mfano, "Siku Nisiyoisahau," nao wakairudisha ikiwa na ajali ile ile na mvua ile ile. Ilikuwa ni ndoo yangu ya ubaoni tena. Siku hizi, kabla ya insha, hutoka nje kwa dakika 10, kila mmoja na daftari lake, na asiyejua jina la kitu hukichora kwanza, kisha tukatafuta neno lake pamoja.

Sina budi kummalizia yule binti. Karatasi tupu ziliendelea kwa majuma matatu baada ya kuomba kwangu radhi. Juma la nne nilikuta mchoro. Ndoo ilikuwa juu ya kabati, imetazamwa kutoka chini. Kitako chake kimepinda kwenda juu kama upinde wa mvua, na mdomo hauonekani kabisa. Hatukuwahi kufundisha hivyo. Sikuthubutu kuutia alama. Jioni nyumbani nilipandisha ndoo yangu juu ya kabati, nikaketi sakafuni, nikatazama. Alikuwa amepata tena.

Sasa vipindi vyangu vya Kiswahili vimeongezeka, na uchoraji umepata mwenyewe. Daftari lisilo na mistari bado ninalo mfukoni, na wino mwekundu natumia mara chache. Kabla ya kuufungua, hurudi kwanza hadi dawati la mwanafunzi, nikainama, nikatazama kutoka pale alipoketi.