Forodhani ya Unguja na Watu Wafutwao Pichani

Mtu afikaye Unguja kwa njia ya bahari, kabla hajakanyaga nchi kavu, huona safu ya majumba marefu yaliyoelekea maji. Kati yake ndipo mahali pa Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883. Mbele yake ipo bustani ya Forodhani, na ni nadra mgeni kupita hapo asipige picha.

Walakini mpiga picha wa Forodhani ana taabu yake. Majumba haya yameelekea upande wa machweo. Asubuhi bustani i tupu, lakini jua li nyuma ya majumba na nyuso zake zi kivulini. Jioni jua huziangaza vizuri mno, lakini saa hizo ndizo watu wajapo: wauza mishikaki wapanga meza zao, vijana wajirusha baharini, na kina mama na watoto wao wapunga upepo. Basi atakaye nuru njema huipata pamoja na watu, na atakaye mahali patupu huikosa nuru.

Kwa ajili hiyo wengi siku hizi hupiga picha jioni, kisha huwafuta watu kwa programu. Kazi hiyo zamani ilitaka fundi na kalamu yake. Mwaka 1990 ilipotoka programu ya Photoshop, ilizidi kufanywa kwa kompyuta, na sasa kijana huifanya kwa simu, kwa ncha ya kidole.

Yafaa wasomaji wetu wajue jinsi ifanywavyo, kwani njia zake ni mbili na hazilingani. Njia ya kwanza, mtu hufutwa, na programu hutazama vinukta vilivyo kando yake, ikabuni ukuta au majani ya kuziba pengo. Ukuta huo haukuonwa na kamera, umekisiwa tu. Njia ya pili, kamera huwekwa juu ya miguu mitatu isitikisike, zikapigwa picha kumi au zaidi za mahali pale pale, kila moja baada ya kitambo. Wapitao huwa mahali mbalimbali katika kila picha, ama ukuta haujongei. Programu huzilinganisha zote, na katika kila nukta huchukua kiasi cha katikati. Basi wapitao hutoweka na ukuta hubaki. Ukuta huu ni wa kweli. Njia ya kwanza yakisia, na ya pili yashuhudia.

Hata hivyo, picha isiyo na watu yaweza kudanganya bila ya mtu kukusudia. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris. Kamera ya siku zile ilihitaji dakika kadhaa kuipokea nuru, na kila aliyekuwa akienda hakuonekana. Barabara ile ya shughuli nyingi ikatoka kama imehamwa. Aliyeonekana wazi ni mtu mmoja aliyesimama akipigwa rangi viatu vyake.

Na wako waliokusudia. Tarehe 21 Februari 1948, mjini Prague, kiongozi Klement Gottwald alihutubia umma, na Vladimír Clementis alikuwa karibu naye. Mwaka 1952 Clementis alinyongwa na serikali ile ile, na picha ile ilitolewa tena pasipo yeye. Hao hawakutaka kupamba picha, bali walitaka watu wasahau.

Je, kila kufuta ni kubaya? La. Mwanamke aliyekuwa akijipitia na mtoto wake hakukuombeni mumpige picha. Kumfuta kabla ya kuieneza picha ni kumsitiri, na ni adabu njema. Lakini yuko asiyefaa kufutwa, naye ni yule ambaye shughuli ilikuwa yake. Ndoa huvunjika, na ndugu hugombana, kisha mmoja hushika simu akamwondoa mwenziwe katika picha ya arusi. Amwonaye kuwa ni mtu wa ziada ni mama au baba wa mtoto aliye bado kitandani. Mtoto huyo atakua, atauliza, na ataonyeshwa picha ya mzee mmoja amesimama kando ya pengo lililozibwa kwa majani ya kubuni.

Tena watazameni watu wa Forodhani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit el-Ajaib ilianguka, na roho zikapotea. Tangu siku hiyo picha za zamani zimezidi thamani. Katika hizo, mchukuzi aliyesimama chini ya nguzo ndiye atujulishaye urefu wa nguzo, na mavazi ya wapitao ndiyo yatujulishayo zama zake. Nguzo fundi aweza kuisimamisha tena. Mchukuzi yule hana pengine pa kuonekana ila pale.

Basi, enyi vijana, mkifuta, fanyeni katika nakala, na asili muihifadhi. Picha za nyumbani ziandikeni majina ya wote waliomo, hata wale msiosemezana nao leo, na mwaka wake. Na mtakaye Forodhani tupu, amkeni mapema, mkaipige i kivulini kama ilivyo.